Mbao Bado Mbichi: niliyoyasema kwenye arobaini ya baba

Kwa wale wa Muscat, wale wa Toronto, na mdogo wetu wa Ujerumani aliyekosa tiketi, hii hapa hotuba yote ya kumkumbuka baba, fundi seremala, kama nilivyoisema juzi uani kwetu Ngamiani, Tanga, baada ya hitma. Nimeiandika nikisikiliza rekodi ya simu ya shemeji, palipopita bodaboda nimejaziliza kwa kukumbuka, msinishike maneno.

Assalaam aleikum wazee wangu, mama zangu, majirani, mafundi wenzake baba, wagosi wote mliofika. Shikamooni. Kwanza niwaombe radhi, mimi si msemaji. Msemaji wa familia hii ni kaka, na kaka kanipigia jana saa tano usiku ananiambia sauti imemkauka, sasa sijui imemkauka kweli ama kaogopa, mwenyewe huyo hapo anaangalia viatu. Nimeambiwa niseme dakika kumi. Nyie mnamjua baba yangu. Hivi mtoto wa baba yangu anaweza kumaliza kitu kwa dakika kumi?

Sasa hebu niulize swali kabla sijafika mbali. Nani hapa aliwahi kumpelekea baba kazi, iwe kitanda, iwe kabati, iwe mlango, hata mbuzi ya kukunia nazi tu, ikawa tayari siku ile aliyoahidiwa? Nyoosheni mikono jamani, leo hakuna wa kumwogopa. Naona mkono mmoja. Mzee wangu, wewe ulikuja na jeneza la msikiti limevunjika mguu, hiyo haihesabiki, kazi ya maiti baba alikuwa haicheleweshi hata saa moja. Wengine je? Hakuna. Na mkimwuliza fundi vipi, fundi mbona kimya, alikuwa anajibuje? (Hapa uani kote wakajibu kwa pamoja, hata watoto: mbao bado mbichi!)

Eeh. Mbao bado mbichi. Hayo maneno nimeyasikia tangu sijajua kusoma, na nimeyachukia vya kutosha, na leo ndo nimepanda hapa kuyazungumzia.

Kwa wasiojua ufundi niwaeleze kidogo. Mti ukishapasuliwa mbao unakuwa bado umejaa maji ndani. Ukiipiga randa ikiwa hivyo inapendeza kabisa, unaiunga, unaipaka vanishi, mteja anafurahi na anakulipa, halafu kaskazi ikianza kuvuma ile mbao inajikunja kama dagaa kwenye kikaango, viungio vinaachia, droo haifungi, mlango wa kabati unapasuka usiku wa manane paa! mtu anaamka anadhani kaingiliwa na mwizi. Hesabu ya baba ilikuwa ile ya mafundi wa zamani, unene wa inchi moja ni mwaka mmoja wa kukaa kivulini, mbao zimepangwa na vijiti katikati hewa ipite, ncha zimepakwa rangi zisipasuke. Mwaka mmoja! Na wewe unataka kitanda cha harusi ya mwezi ujao. Anakwenda kwenye lile rundo lake, anagonga ubao kwa kifundo cha kidole, anaweka sikio, anatikisa kichwa. Bado. Unarudi na advansi yako mfukoni unamlaani.

Na msije mkaniambia haraka haraka haina baraka. Baba mwenyewe methali hiyo alikuwa haipendi, alisema ni ya wavivu wanatafutia usingizi wao hadithi. Yeye hakuwa mvivu. Saa kumi na moja alfajiri, akitoka msikitini tu, unasikia randa, shaa, shaa, shaa, sisi tuliamshwa na randa kuliko jogoo. Kufanya kazi pole pole na kutofanya kazi ni vitu viwili, jamani, na nyumba hii ilikula kwa kile cha kwanza.

Mama utanisamehe, hili lazima niliseme, watu wa Chumbageni wako hapa wataniuliza mbona nimeliruka.

Baba alipokuwa kijana aliitwa kwa babu yetu mzaa mama, kutengeneza mlango wa uani ambao fremu yake imeoza chini. Kazi ya siku mbili, tatu ukipenda chai sana. Baba akaja siku ya kwanza akapima. Siku ya pili akapima tena. Siku ya tatu akaleta tezo akachonga kidogo akaondoka. Wiki ikapita, ya pili ikapita, kila siku yuko pale uani, anagonga ubao, anatega sikio, anasema mzee mbao bado mbichi hii, nitarudi kesho. Na kila akija, kwa bahati tu, msichana wa nyumba ile ana nguo za kufua palepale uani. Nguo gani zile zilizokuwa zinachafuka kila siku mama? Haya, sisemi. Wiki ya tatu babu akatoka na kikombe chake, akamwambia, kijana, hiyo mbao ni msaji wa Longuza, imekaa juu ya dari yangu miaka minne, ubichi gani unaouona wewe? Ulete wazee wako. Na wazee wakaja. Na mlango ule mpaka leo upo, haujapinda hata unywele, nendeni mkaangalie.

Mlango wa nyumba yetu sisi je? Mmeingilia wapi leo? Bawa moja la mvule, limenakshiwa mpaka unaogopa kuligusa, na bawa la pili plaiwudi. Mfinyanzi hulia gae. Miaka 11 plaiwudi ile imekaa hapo "kwa muda". Mama ameipaka rangi mara nne, mara ya mwisho rangi ya waridi kwa hasira, na baba alipita akaiangalia akasema imependeza.

Sasa niwapeleke kwenye muziki maana naona wazee wa ngoma mmeanza kunikodolea macho.

Nyie mlioujua mji huu miaka ya sabini mnajua Tanga ilikuwa nini. Unguja walikuwa na okestra zao za taarabu, fidla safu nzima, kanuni ile ya nyuzi nyingi, watu wamekaa kwenye viti na tai shingoni. Tanga sisi tukachukua gitaa la umeme, besi, kinanda kidogo, ngoma, watu watano sita wanatosha, na vikundi vya Black Star na Lucky Star wakautikisa mwambao wote mpaka Mombasa wakawa wanatusikiliza sisi. Baba alikuwa kijana wakati huo na kikundi chao kidogo ambacho hata jina waligombania wasikubaliane, yeye akipiga besi. Besi ya kuazima. Lakini chake hasa, kile alichokipenda kwa siri kama mtu anavyopenda mke wa pili, kilikuwa udi, ule wa nyuzi.

Udi wa kununua ulikuwa ghali, wa kuja na watu kutoka Uarabuni. Akaamua kujichongea. Na huko ndo alikojifunza lile jambo alilokuwa akimwambia kila mgeni aliyekaa karakana zaidi ya nusu saa, kwamba udi wa kupiga na udi wa kufukiza ni neno moja, na kwa Kiarabu maana yake ni mti tu, kipande cha mti. Kwa hiyo mimi, anasema, sina kazi mbili, nina kazi moja. Mama alikuwa akisikia hivyo anasema na hiyo moja yenyewe huimalizi.

Udi wa kwanza uso wake aliutengeneza kwa plaiwudi ya sanduku la chai. Wakati ule chai ya Amani na Marikitanda, kule milimani Usambara, ilikuwa inateremka kwenye masanduku ya mbao nyembamba, akapata moja bandarini limevunjika. Mgongo ni mfenesi, vipande vyembamba kama kaukau, anavipinda kimoja kimoja juu ya bomba la chuma lenye makaa ndani, ukikizidishia moto kinaungua, ukikipunguzia kinavunjika. Nyuzi zikawa mshipi wa kuvulia, unene tofauti tofauti, nyuzi kumi na moja, jozi tano na ule mmoja mnene wa juu. Sauti yake ilikuwaje? Mbaya. Mwenyewe alisema ulikuwa unalia kama mbuzi aliyefungiwa stoo. Akauvunja. Akatengeneza wa pili. Akauvunja. Wa tatu ndo huu mnaouona hapa ukutani, uso wake ni mbao ya msonobari iliyotoka kwenye kreti la mashine, kwa ndani bado kuna namba za meli, ukichungulia kwenye tundu kwa tochi unaziona. Watoto, msichungulie sasa hivi, baadaye.

Mzee aliyepiga dumbaki naye siku ile tuko naye hapa, karibu mjomba, ukiona nimekosea unikatize.

Walialikwa harusi Bweni, ng'ambo ya mto Pangani. Wamevuka na kivuko jioni, na vyombo, na jenereta ya kukodi. Saa sita usiku, harusi imechangamka, kina mama wako katikati wanatunza, jenereta ikakohoa mara mbili ikafa. Giza. Gitaa kimya, besi kimya, kinanda kimya. Kivuko kimeshafungwa, huwezi kurudi Pangani mjini kutafuta fundi. Watu wakaanza kelele, mwenye harusi anataka hela zake. Baba akafungua mfuko wa godoro aliokuwa amekuja nao, ndani yake udi. Hakuna aliyejua kwamba kaja nao. Akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa na akaanza kulinganisha nyuzi. Mjomba, alilinganisha kwa muda gani? (Mjomba: nusu saa!) Nusu saa! Gizani! Watu wanazomea, wanasema huyu anatufanya wajinga, na yeye ting, ting, anasikiliza, anakaza, ting. Mjomba anasema alitamani kumpiga na dumbaki kichwani. Lakini kuna kitu kilitokea katikati ya ile nusu saa, ambacho mjomba alinihadithia juzi tu hapa hapa matangani, baba hakuwahi kunisimulia. Anasema kadiri baba alivyokuwa anahangaika na nyuzi, watu walianza kunyamaza ili wasikie kama imekaa sawa. Harusi nzima ikawa inamsaidia kusikiliza. Mtu mmoja gizani anasema bado kidogo, mwingine anasema hapo hapo. Alipokuja kupiga wimbo wenyewe walikuwa wameshatulia kama wako msikitini, na hakuna aliyeondoka mpaka adhana. Bibi wa bi harusi hakuwa na hela ya kutunza akamvisha baba kanga yake shingoni. Kanga ile mama anayo. Mama anayo mpaka leo na hatupi tuiguse.

Niseme kidogo tu kuhusu mpingo, maana najua wale vijana wa chuo cha ufundi mmekuja. Baba alikuwa akikasirika kwamba sisi mpingo tunaujua kwa vinyago vya kuuzia watalii, wakati Wazungu wanauchukua kutengenezea klarineti na oboe, okestra zao kubwa zinapuliza mti wa kwetu. Alikuwa akisema mti umetoka Tanzania umejifunza kusoma nota, sisi bado. Basi, hilo nimelitua, endeleeni nalo nyie.

Bahari sasa. Hapa nitasimama kidogo.

Baba hakuwa mvuvi. Wavuvi mliopo mnajua, alikuwa anakuja na kikapu kitupu na anafurahi. Ngalawa yake alijichongea kwa mwembe, akaifunga matengo mwenyewe, na Jumapili alikuwa akinichukua mimi. Mimi mtoto wa kike, ndio, na shangazi zangu walisema wakachoka. Kama walivyosema wakachoka aliponipa randa nikiwa na miaka minane, jirani akamfuata kabisa, fundi utamharibu mtoto, nani atamwoa msichana mwenye sugu mikononi? Baba akamjibu mwenye sugu. Na kweli, mume wangu huyo pale ni fundi magari, oneni mikono yake.

Basi siku moja, nina miaka kama kumi na mbili, tumekwenda Yambe, kile kisiwa mbele ya Mwambani. Hakuna watu pale, kuna mikoko, ndege na kaa. Tumezunguka tumekula mihogo tumelala kivulini, kuamka maji yamekimbia, ngalawa imekaa juu ya mchanga na bahari iko kule, ukiitazama unadhani imehama. Nikaanza kulia. Kesho yake nilikuwa na mtihani. Nikamwambia tuisukume. Akasema sukuma. Nikasukuma mpaka vidole vikatoka damu, ngalawa haikusogea hata unene wa kidole, na yeye kakaa hapo anaangalia, hacheki. Nilipochoka akaniambia, maji hayajui kama una mtihani.

Masaa sita tulikaa pale. Masaa sita! Kanionyesha pweza anavyojificha na mlango wake wa mawe, kanionyesha mti wa mkandaa na wa mkoko na wa mchu, upi unafaa boriti, upi mafundi wa majahazi wanautakia kwa kuwa umejipinda wenyewe tayari. Kachonga filimbi kwa kisu. Jua likazama, nyota zikatoka, na maji yakarudi, kwanza unayasikia kabla hujayaona, yanakuja yananong'ona chini ya mikoko, na ngalawa ikainuka yenyewe bila mtu kuigusa. Nilifeli ule mtihani wa hisabati. Alinisaini karatasi bila kusema neno, na mama alisema ya wote wawili.

Lakini kuna siku nyingine ya bahari, na hiyo siisahau pia. Tuko nje ya kisiwa cha Toten tunarudi, upepo wa matlai, baba anaimba. Ghafla ngalawa ikatupiga chini ya miguu, du! kama mtu kagonga kwa nyundo kutoka chini, halafu ndo masikio yakasikia mlio kwa mbali. Baruti. Nyie mnajua, sauti majini inakimbia zaidi kuliko hewani ndo maana miguu inasikia kabla ya masikio. Tukafika pale tukakuta samaki wadogo wanaelea tumbo juu, wengi hawana hata wa kuwachukua, na chini tumbawe limekuwa kifusi. Baba hakusema kitu mpaka tumefika pwani. Tunavuta ngalawa ndo akasema, lile tumbawe lilikuwepo babu yangu hajazaliwa, na mtu kamaliza kwa dakika moja kwa ajili ya ndoo mbili. Halafu akaniambia kitu ambacho sikukielewa siku hiyo, akasema na mimi ningetaka ningekuwa tajiri. Mbao mbichi ndo baruti yangu.

Siku hizi milio ile hatuisikii kama zamani, tushukuru, na wazee wa fukwe waliosimama kidete wako hapa, nawapa heko. Na wale samaki wa silikanti ambao dunia nzima ilidhani wametoweka tangu enzi za dinosaria, mpaka akavuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938, kumbe wako hapahapa kwetu kilindini, wavuvi wakaanza kuwapata kwenye jarife tangu miaka ya 2003, 2004. Baba alikwenda kumwona mmoja. Karudi nyumbani kimya kabisa, mama akamwuliza vipi huyo samaki, akasema ana sura ya mtu ambaye hakuambiwa kwamba muda umekwisha.

Amani sitawapeleka leo, ni mbali na njia ni mbaya na pilau nalisikia harufu. Ila nimtumie salamu mdogo wangu wa Ujerumani. Alipofika kule mara ya kwanza alimpigia baba analia, kwamba kaingia dukani kakuta kile kiua cha zambarau, kile kinachoota kwenye mawe Usambara na Amboni, kimepandwa kwenye kikopo kinauzwa. Mjerumani mmoja aliyekuwa mtawala huku Tanga miaka ya 1890 ndiye aliyepeleka mbegu kwa baba yake, kikaenea dunia nzima kwenye madirisha ya watu. Baba akamwambia basi nunua, mweke chumbani, mko wawili sasa. Na kila simu alikuwa anauliza habari za ua kwanza ndo anauliza za mtu.

Sasa jamani.

Nimewachekesha, na nilitaka mcheke. Lakini mimi sikupanda hapa kumfanya baba malaika, angenitoa hapa kwa sikio. Kuna mahali neno lake lilimponza, nalo nitalisema mbele ya watu, nimemwomba mama ruhusa asubuhi na kaniruhusu.

Kifua kilimwanza miaka mitatu nyuma. Miaka hamsini ya vumbi la mbao bila kitambaa mdomoni, vumbi la mvule linalowasha mpaka macho. Tukamwambia baba twende ukapimwe. Bado. Mvua zikiisha. Bado. Nimalizie kabati la mwalimu. Bado. Alikuwa anajigonga kifua hivi, kama anavyogonga ubao, anatega sikio, anasema bado mzima huyu. Na sisi tukacheka. Hilo ndo linaloniuma, tulicheka. Mimi binti yake niliyekaa naye masaa sita kisiwani nilijua kabisa kwamba kuna vitu vinangoja na vitu havingoji, na sikumbeba. Ningeweza kumbeba, alikuwa mwepesi sana mwishoni. Tulipompeleka daktari aliangalia picha akatuuliza mlikuwa wapi.

Mlikuwa wapi? Tulikuwa tunasubiri mbao ikauke.

Baba alikosea hapo. Mwili si mbao, ukiuweka kivulini mwaka mzima haukukaukii vizuri. Nampenda na alikosea. Na nyie mafundi vijana mliokaa pale nyuma, nawaona, mmoja ana vumbi kwenye nyusi hadi sasa hivi kaja nalo hapa arobaini. Kitambaa. Barakoa ya corona si zipo bado majumbani? Vaeni. Mkikohoa mwezi nendeni. Siwaambii kwa upole.

Nimalizie na madeni kama sheria ilivyo. Daftari la kaunta la baba tunalo, tumelipitia mimi na kaka. Kuna kitanda cha futi tano kwa sita, mwenye nacho keshatoa advansi ya nusu. Kuna meza ya chakula, advansi yote. Kuna mtu kaandikwa tu "yule wa Makorora, kabati, alikasirika". Yule wa Makorora kama uko hapa, au kama kuna anayemjua, tunakuomba radhi, njoo. Kaka amesema atamaliza kazi zote kwa mbao zilezile za baba, na asiyetaka kusubiri arudishiwe hela yake leo hii, shemeji anazo kwenye bahasha. Na mwenye kumdai baba kitu chochote ambacho hakikuandikwa, aseme, tusimwache na mzigo. Na sisi tunadai kidogo, kuna jiriwa, kuna randa ndefu ya chuma, kuna keekee yake ya zamani aliyoachiwa na mwalimu wake, hizo ziliazimwa. Hatuulizi nani. Ziachwe barazani usiku, mbwa hatuna.

La mwisho. Juu ya dari ya karakana tumekuta udi. Wa nne huo. Mgongo wake vipande 9 vimeshagundishwa na 8 viko pembeni vimefungwa na kamba ya mkonge, vimepindwa tayari, na uso wake mbao safi sana sijui aliitoa wapi. Kwenye daftari hakuna jina. Hakuna bei. Hakuna tarehe. Kama kuna mtu aliagiza udi kwa baba, tafadhali anione baada ya kula.

Haya, sinia zinatoka, wanaume huku uani, kina mama ndani, mjomba wa dumbaki asibebe kiti chake kwenda nacho kama siku ya tatu. Ahsanteni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu.

(Nyongeza kwa mliokosa: baada ya kula walinijia watu watatu, kila mmoja anasema udi ule aliahidiwa yeye. Wa kwanza mjomba wa dumbaki. Wa pili yule jirani aliyeniogopea sugu. Wa tatu mama, ambaye udi hajawahi kuushika maisha yake yote.)